Kompyuta ya nyumbani ni ya nani?



Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu wa familia unatua katika jambo ambalo zamani lilikuwa la maofisini tu, nalo ni ununuzi wa kompyuta kwa ajili ya nyumbani. Wazazi wawili, mmoja wa Kibaha na mwingine wa Kisarawe, wameniletea swali moja kwa maneno yanayokaribiana: mwenye uwezo wa kununua mashine moja tu, anunue kompyuta ya mezani au kompyuta mpakato? Nilipowasikiliza wote wawili hadi mwisho, nilibaini kwamba swali ni moja lakini majibu ni mawili, na kwamba chini ya swali la mashine lipo swali jingine zito zaidi, yaani mashine hiyo itakuwa mali ya nani.

Wa kwanza ni mama, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Picha ya Ndege, Kibaha. Mumewe ni dereva na wamejaaliwa watoto wanne. Miaka mitatu iliyopita, zamu yake ya upatu ilipofika, walinunua kompyuta mpakato, wakasema ni ya watoto. Kijana wao mkubwa alipochaguliwa kwenda chuo, aliifungasha pamoja na nguo zake akaondoka nayo. Hakuna aliyemwambia achukue, wala hakuna aliyemzuia. Sasa binti yao yuko kidato cha nne na mdogo wake kidato cha pili. Binti akiwa na kazi ya kuchapa huenda steshenari ya Maili Moja, hulipia kila ukurasa, na mara nyingine hurudi Magharibi imekwisha kuingia. Mama akaniambia, "Sikumnyima mwanangu, lakini siikumbuki siku tuliyokaa tukasema kwamba ile ni yake."

Wa pili ni mzee mmoja wa upande wa Maneromango, Kisarawe. Kaka yake alifariki akaacha mjane na watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili wadogo. Ukoo ulimkabidhi fedha za korosho na za pikipiki ya marehemu iliyouzwa, awaangalizie watoto. Binti amemaliza kidato cha nne, anasubiri kuendelea na masomo, na ameomba anunuliwe kompyuta mpakato. Baba mdogo kwa upande wake ameona ni heri kununua ya mezani pamoja na printa, aweke kibanda cha steshenari pale kijijini ili fedha ya watoto izae. Shemeji yake amenyamaza. Naye, kwa kuwa ni mcha Mungu, ukimya ule ukamtia wasiwasi akaja kuuliza.

Kabla ya kujibu, tukubaliane kwanza kwamba haja yenyewe ni ya kweli. Matokeo ya Baraza la Mitihani husomwa mtandaoni, maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujazwa mtandaoni, na anayetafuta kazi serikalini hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mengi ya hayo yanaweza kufanyika kwa simu, lakini atakayeandika insha ya kurasa kumi, atakayepanga hesabu kwenye majedwali au kujifunza kuandika programu, simu humchosha macho na vidole kabla hajafika popote. Hata walimu wetu, baada ya Sensa ya mwaka 2022, walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Elimu imehamia huko, na mzazi anayehangaika kumtafutia mwanawe chombo cha kusomea hafanyi anasa.

Hata hivyo, haja ya kweli haimzuii mtu kununua kitu kisichomfaa. Nchi yetu ilijifunza hilo mapema. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine ilikumbwa na matatizo makubwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku yale yalituchelewesha, hilo halina ubishi. Lakini chimbuko lake lina funzo kwa kila mwenye nyumba: mashine ikitangulia na watu wakabaki nyuma, hasara hufuata. Wa kutazamwa kwanza ni watu watakaoitumia na mahali itakapokaa.

Basi tuanze na umeme. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na kioo chake bapa hula kiasi cha wati 100 hivi ikiwa kazini, na mpakato hula kiasi cha wati 40 au pungufu. Zikitumika saa tano kila siku, ya mezani itamaliza uniti 15 kwa mwezi na mpakato uniti 6. Tofauti hiyo ni ndogo, ila yapo mahali inapouma. Mteja mdogo wa majumbani wa TANESCO hutozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia uniti 65 ikiongeza mpakato itafika 71, nayo italipa shilingi 7,100. Ikiongeza ya mezani itafika 80, na malipo yatapanda hadi shilingi 9,250. Asiyejua siri hiyo hushangaa kuona LUKU yake inakwisha upesi, akamlaumu asiyehusika.

Jambo la pili ni kukatika kwa umeme. Mpakato una betri yake ndani, kwa hiyo umeme ukikatika mwanafunzi huendelea na kazi. Ya mezani huzimika papo hapo, na kilichokuwa hakijahifadhiwa hupotea. Dawa yake ni kile kisanduku cha akiba ya umeme ambacho mafundi hukiita UPS, ambacho humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayenunua ya mezani akihesabu bei ya kompyuta bila kuhesabu kisanduku hicho, hajamaliza hesabu. Na mahali ambapo nyumba hutegemea sola, mpakato hushinda bila mjadala, kwa kuwa chaja yake inahitaji umeme kidogo.

Jambo la tatu ni uimara na matengenezo. Hapa ya mezani ndiyo yenye heri. Kibodi ikiharibika unanunua kibodi tu, kioo kikifa unabadilisha kioo, na kumbukumbu ikipungua fundi hufungua boksi akaongeza. Katika mpakato, kioo kilichopasuka au bawaba iliyovunjika inaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya mashine yenyewe, na katika baadhi ya aina kumbukumbu imegandishwa kwenye bodi, haiongezeki. Betri nayo ina umri, na baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa nguvu yake hupungua, na joto letu la Pwani huharakisha kupungua huko. Kisha mpakato huanguka, humwagikiwa chai na huibwa kwa wepesi. Kwa fedha ileile, katika maduka ya mitumba ya Kariakoo, aghalabu utapata ya mezani yenye nguvu zaidi kuliko mpakato.

Jambo la nne, ambalo wauzaji hawalitaji, ni mahali. Kompyuta ya mezani ina kikao chake. Ikikaa sebuleni, kioo kikielekea wapitapo watu, kila mtoto anajua zamu yake, na mzazi huona kinachotazamwa bila kupekua wala kunyemelea. Mpakato hufuata mwenye nguvu. Huingia chumbani, mlango ukafungwa, na usiku ukawa mrefu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mkuu wa nyumba ni kama mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Sisemi kwamba mpakato ni haramu wala kwamba vijana wetu si waaminifu. Nasema kwamba chombo chenye miguu kinataka masharti mengi zaidi kuliko chombo kilichokaa.

Sasa niwajibu waulizaji wetu.

Dada yangu wa Kibaha, kwa nyumba yako nashauri ya mezani. Una umeme wa kudumu ingawa hukatika, una watoto wawili wanaosoma kwa wakati mmoja na mwingine anayewafuata, na balaa lililokupata ni la chombo kuondoka na mmoja. Nunueni ya mtumba iliyo nzima pamoja na kisanduku chake cha akiba, iwekwe sebuleni, na zamu ziandikwe ukutani. Binti wa kidato cha nne atangulie hadi mtihani wake upite. Muda wa kuanzia Magharibi hadi Isha mashine ipumzike na watu wasali na kusoma Qur'ani. Na kwa kuwa binti atakuwa anachapa nyumbani, safari zile za jioni za Maili Moja zimekwisha. Kwangu hilo peke yake linatosha kuwa hoja.

Lakini usiishie kwenye mashine. Kaeni na mzee mwenzio muamue ile ya kwanza ilikuwa nini. Katika Hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir, Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja ilhali nduguze hawakupewa mfano wake. Wanazuoni wametenganisha zawadi na matumizi ya lazima. Ada ya anayesoma si dhuluma kwa asiyesoma, kwa kuwa kila mtoto hupewa kwa kadiri ya haja yake. Ikiwa mlimpa kijana mpakato kama chombo cha masomo yake, semeni hivyo, na mjue kwamba binti naye akifika chuo anastahili kutazamwa vivyo hivyo. Ikiwa ni mali ya nyumba, mwambieni kwamba akimaliza masomo itarudi. Atakachokijibu si muhimu kama kule kulisema jambo wazi mbele ya wote. Watoto hawasahau kilichoamuliwa kwa ukimya.

Nawe mzee wangu wa Kisarawe, kwa binti nashauri mpakato. Umeme wa kijijini kwenu haujatulia, na yeye mwenyewe yuko njiani, kwani akipangiwa shule au chuo cha mbali, ya mezani itabaki ikila vumbi. Kabla ya kuubeba, aulize kule aendako kama wanafunzi wanaruhusiwa kuwa na vifaa hivyo bwenini, maana shule nyingi za sekondari haziruhusu. Kama hairuhusiwi, ununuzi usubiri. Fedha haiozi, lakini mpakato huchakaa ukiwa kabatini.

Hata hivyo swali lako la kweli si hilo. Umesema fedha ni ya watoto. Je, mirathi imegawanywa? Kama haijagawanywa, fedha hiyo si ya watoto peke yao. Baada ya madeni ya marehemu na wasia wake kutekelezwa, shemeji yako ana thumuni yake, kwa kuwa mumewe ameacha watoto. Wazazi wa marehemu kama wako hai wana mafungu yao. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana fungu la wasichana wawili. Wewe mwenyewe, kwa kuwa marehemu ameacha watoto wa kiume, huna fungu. Huenda ukimya wa shemeji yako unatoka hapo. Mjane ambaye haki yake haijatajwa huogopa kuonekana mwenye tamaa akiitaja mwenyewe.

Fanya mambo matatu. Kwanza, nenda Mahakama ya Mwanzo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo, uthibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi, ili unachokifanya kiwe na sura ya sheria. Pili, mwombe sheikh wa msikiti wenu akupigie mafungu, kila mwenye haki ajulikane, na yaandikwe daftarini mbele ya mashahidi. Tatu, mpakato wa binti utoke katika fungu la binti, au shemeji yako akipenda utoke katika thumuni yake kwa hiari yake. Ukiutoa katika fungu la jumla umewatoza wavulana wawili kwa chombo ambacho hawatakitumia, nao ni wadogo, hawana ulimi wa kudai.

Na kile kibanda cha steshenari? Sikikatai. Fedha ya yatima iliyokaa tu hupungua kila bei zinapopanda, na wapo wanazuoni walioruhusu kuifanyia biashara yenye tahadhari. Tatizo ni kwamba wewe ndiye mwenye kutoa na ndiye mwenye kupokea. Sura ya An-Nisaa imeonya vikali juu ya mali ya yatima, na imemtaka mlezi asiye na shida ajizuie nayo, na mwenye shida ale kwa kadiri inayokubalika. Kama biashara ni wazo lako, ianze kwa mtaji wako. Kama unataka mtaji wa watoto uingie, iandikwe faida itagawanywaje na hasara itamwangukia nani, sheikh asome na mashahidi watie sahihi. Ukiona maneno hayo yakiandikwa biashara inakosa utamu, ujue utamu ule ulikuwa unatoka wapi.

Kwa wasomaji wengine watakaokwenda sokoni, haya machache yawasaidie. Ukiangalia mtumba, omba iwashwe mbele yako na ikae saa nzima ikifanya kazi. Kumbukumbu isipungue GB 8, na diski iwe ya kisasa ile isiyozunguka, kwani mashine kuukuu yenye diski hiyo huipita mpya yenye diski ya zamani. Kwa mpakato, muombe fundi atoe ripoti ya betri. Windows hutoa ripoti hiyo yenyewe, ikionyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa uone bawaba. Kwa ya mezani, tazama nyuma ya boksi. Baadhi ya zile zilizotoka Marekani zina kiswichi chekundu cha kuchagua volti, na kikiachwa kwenye 115, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku ya kwanza.

Uliza pia kizazi cha mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za mtumba zenye chipu za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Hizo ndizo zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Si takataka, kwani zinaweza kuwekewa mfumo wa bure kama Ubuntu na programu za bure za kuandikia kama LibreOffice, zikamsomesha mtoto miaka mingi. Ila nunua ukijua, na ulipe bei ya kitu ulichokijua. Muuzaji akikuambia atakuwekea kila programu kwa mfumo wa kuvunja kufuli, jiulize kama ungependa elimu ya mwanao ianzie kwenye kitu kisicho halali, ilhali cha halali kipo tena bila malipo.

La mwisho ni fedha yenyewe. Usikope mkopo wa kausha damu ili ununue kompyuta. Mashine hupungua thamani kila mwezi na deni lile huongezeka kila wiki, na juu ya hayo ni riba, ambayo hukumu yake mnaijua. Wekeni kidogo kidogo, au mkubaliane na muuzaji malipo ya awamu kwa bei moja isiyobadilika, iliyoandikwa, mkichelewa isiongezeke. Mwenye kusubiri miezi sita akanunua kwa fedha yake amemfundisha mwanawe somo la kwanza kabla mashine haijawashwa.

Mama wa Kibaha ameniarifu kwamba kikao cha familia kitafanyika kijana akirudi likizo, na kwamba mumewe ndiye aliyesema kisifanyike bila yeye. Mzee wa Kisarawe hakuniambia kitu. Aliniuliza tu daftari la mirathi linapaswa kuwa na kurasa ngapi. Nilimjibu kwamba moja inatosha, mradi shemeji yake awepo inapoandikwa.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.